Benki ikitaka tuuzie kampuni kubwa, ianze na LPO, si na hati ya ardhi (uzi mrefu)

Afisa wa Zamani (mwenye uzi)

Salaam wanajukwaa wa Mombasa.

Haupiti muda hapa bila mtu kuuliza: nimepata LPO (karatasi rasmi ya oda ya mnunuzi) ya hoteli, au ya kampuni ya kule Shimanzi, niende benki gani? Watu wanamtajia benki, anakwenda, kisha anarudi jukwaani akisema ameulizwa hati ya ardhi. Mimi nilikuwa afisa wa mikopo mjini hapa kwa miaka, na sasa nawashikia hesabu wafanyabiashara wadogo wa Changamwe na Kisauni. Nasema wazi: benki inayoanza na hati ya ardhi haijaielewa biashara ya kuuzia kampuni kubwa. Ianze na mnunuzi.

Hiyo hati yenyewe hapa Pwani ina historia yake. Majengo, Chaani, Likoni, watu wamejenga nyumba juu ya ardhi isiyo yao. Nyumba ni yako, ardhi ni ya mwingine, na kila mwezi unamlipa mwenye ardhi kodi yake. Mambo haya yalianza wakati wa mkoloni: sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilimtaka kila anayedai ardhi ya ukanda wa pwani ajitokeze aandikishwe. Wengi, hasa Wamijikenda, hawakuandikishwa, wakageuzwa maskwota kwenye ardhi ya babu zao. Kwa hivyo fundi wa Majengo anaweza kuwa na nyumba, vyerehani sita na wateja wa siku nyingi, na asiwe na karatasi hata moja ya kuweka rehani. Benki ikishikilia hati, imemfungia mlango kabla hajaketi.

Na sheria haiilazimishi benki kufanya hivyo. Tangu 2017 Kenya ina sheria ya dhamana za mali zinazohamishika. Mashine, mzigo ulio stoo, mifugo, hata deni unalodai kwa ankara, vyote vinaandikishwa kuwa dhamana. Ankara ambayo kampuni kubwa imekiri kuwa inadaiwa ni mali kamili, na mara nyingine ni nzuri kuliko kiwanja chenye kesi.

Sasa hesabu. Natumia mfano wa sare kwa tarakimu rahisi. Hoteli ya Nyali imetoa LPO ya sh 480,000 kabla ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani). Kitambaa, uzi na vifungo ni 240,000. Mafundi 96,000. Usafiri na upakiaji 14,000. Jumla 350,000, unabaki na 130,000. Inapendeza. Lakini LPO inasema malipo ni siku 60 baada ya mzigo kupokelewa, na anayeuzia hoteli za huku anajua kwamba Aprili hadi Juni, wageni wakipungua, 60 huwa 90. Ongeza mwezi wa kushona. Pesa yako iko nje miezi minne.

Benki ikikubali, kwa kawaida inalipia kitambaa: 240,000. Tuseme riba ni asilimia 1.5 kwa mwezi, miezi minne ni 14,400, na ada ya mkopo asilimia 2.5, yaani 6,000. Gharama yote 20,400. Faida bado ipo. Ila mafundi wanataka chao Jumamosi, na ile 96,000 yao benki haikuiangalia kabisa.

Na hapo hatujafika penyewe. Mzigo umekubaliwa, hoteli imefurahi, na kabla hata haijalipa inakuletea LPO ya pili, kubwa kuliko ya kwanza. Benki inakwambia maliza mkopo wa kwanza. Ukiikataa LPO, jina lako linashuka kwenye orodha ya wasambazaji. Ukiikubali, unaenda kwa mkopeshaji wa mtaani anayekata asilimia 20 kwa mwezi. Biashara nilizoziona zikivunjika, nyingi zilivunjikia hapo, kwenye LPO ya pili, zikiwa na kazi mkononi na wateja wazuri.

Kwa hivyo mkopo unaofaa una hatua mbili. Kwanza benki inalipia malighafi kwa LPO. Pili, siku mzigo unapopokelewa na karatasi yake kupigwa muhuri, benki inakupa sehemu ya ankara, tuseme asilimia 70, yaani 336,000. Inakata hapo hapo 240,000 yake pamoja na riba ya mwezi mmoja na ada, 9,600. Unaondoka na 86,400 ya kuanzia LPO ya pili. Hoteli ikija kulipa, inalipa kwenye akaunti iliyokubaliwa, benki inachukua iliyotoa na gharama yake, na wewe unapata salio.

Kuna mpango mzuri zaidi ya huo, kampuni kubwa yenyewe ikiwa tayari. Kampuni inaipelekea benki orodha ya ankara ilizozikubali, na msambazaji anayetaka pesa mapema analipwa na benki. Riba inapimwa kwa hadhi ya mnunuzi, si kwa hadhi ya fundi wa Majengo. Mexico walianza tangu 2001: benki ya maendeleo ya serikali, Nafin, iliunda mtandao ambao wanunuzi wakubwa huweka ankara walizozikubali, na wasambazaji wadogo huziuza kwa benki wanayoitaka. Benki za hapa zina ujuzi huo pia. Kinachokosekana ni benki kutoka ofisini kwake Nkrumah Road kwenda kuketi na mhasibu mkuu wa kiwanda au hoteli na kumwambia: tupe majina ya wasambazaji wako wadogo 30, tuwabebe pamoja.

Huo ndio msaada ninaoutaka kwa benki. Karibuni.

---

Binti Kongowea

Shukran kaka Afisa, umesema yaliyo moyoni. Ila mimi si wa sare. Napeleka mboga na matunda hoteli mbili za Bamburi. Sina LPO ya laki nne, napigiwa simu usiku, alfajiri niko Kongowea nachagua, saa moja niko mlango wa nyuma wa hoteli. Ankara zangu ni za elfu nane, elfu kumi na mbili. Nani atanifungulia faili la mkopo kwa hizo?

Na bei yangu imefungwa miezi mitatu. Mvua ikinyesha huko bara au Ramadhani ikiingia, nyanya zinapanda mara mbili, na mimi napeleka kwa bei ile ile.

---

Afisa wa Zamani

Dada, kwako wewe LPO moja moja haina maana. Unachohitaji ni kikomo cha kuchukua na kurudisha kwenye akaunti, kinachopimwa kwa jumla ya ankara zako za mwezi na rekodi za till yako (namba ya kupokelea malipo ya simu). Ukiwa na mkataba wa mwaka na hoteli, hata wa kurasa mbili, benki ina pa kushika.

Niongeze jambo la mlango wa nyuma, maana ndipo pesa za wauza mboga zinapokwama. Karani wa stoo anapima, anarudisha kreti mbili za maembe, anaandika kwa kalamu kwenye karatasi yako: kilo 62. Ankara yako ulishaitoa alfajiri, inasema kilo 80. Huko juu mhasibu analinganisha karatasi mbili, hazifanani, ankara inawekwa kando. Hakuna anayekupigia simu. Mwezi wa pili ukiuliza unaambiwa "ina shida". Kwa hivyo ankara ya eTIMS (ile ya kielektroniki ya mamlaka ya kodi, KRA) itoe baada ya kupimwa, kwa kilo zilizopokelewa. Kama umeshaitoa, toa hati ya kupunguza (credit note) siku hiyo hiyo. Benki yenye maofisa wa maana ingewafundisha wateja wake hili kabla ya kuwapa hata shilingi, kwani ankara yenye kasoro haikopesheki.

Kuhusu bei: afisa mzuri angekwambia ukweli kwamba kwa mkataba huo mkopo utakuumiza. Omba kipengele cha kubadilisha bei ya nyanya, vitunguu na pilipili hoho kila wiki mbili, zilizobaki zikae miezi mitatu. Baadhi ya hoteli hukubali ukiwapelekea bei za soko kwa maandishi.

---

Ami wa Makadara

Mada nzuri. Lakini mbona wote mnazungumza riba tu, na mji huu nusu yetu hatuigusi? Mimi nina karakana ya viti na meza. Kampuni ya bandarini imeniagiza madawati ya ofisi. Mkopo wa riba sitachukua hata kama LPO itapotea.

---

Maalim Kibokoni

Ami, usiipoteze. Kenya ina benki kamili za Kiislamu tangu 2008, na benki nyingine zina vitengo vya Kiislamu. Kwa LPO njia iliyozoeleka ni murabaha. Benki haikupi pesa. Inanunua mbao na vyuma kwa muuzaji, inavimiliki, kisha inakuuzia kwa bei iliyotajwa, mtaji huu na faida hii, ulipe baada ya miezi minne. Kampuni ikichelewa, bei ile haiongezeki. Angalia tu kwamba benki imenunua kweli kabla ya kukuuzia. Ukipewa pesa mkononi ukaambiwa "nenda ukanunue mwenyewe" bila mkataba wa uwakala ulioandikwa, uliza maswali.

Hatua ya pili ya ndugu Afisa, ya ankara, ndiyo ngumu. Kuuza deni kwa bei iliyo chini ya thamani yake wanazuoni walio wengi hawakuruhusu. Kwa hivyo mkopo wa ankara ulivyo sokoni haukufai. Mbadala ni musharaka: mnaingia ubia kwenye hiyo kazi, benki na wewe mnatia mtaji, faida mnagawana kwa kiwango mlichokubaliana mwanzo, hasara kila mmoja kwa kadiri ya mtaji wake. Benki zetu huikwepa kwa kuwa inawataka waifahamu kazi yako, wasikae ofisini tu. Ninaamini kwa Mombasa huo ndio mlango ambao benki za Kiislamu zingeufungua kwa nguvu zote.

---

Afisa wa Zamani

Maalim, Allah akujaze kheri. Sina la kuongeza hapo.

---

Bado Nipo Kaunta

Mimi ni mfanyakazi wa benki, sitataja ipi. Niwatetee wenzangu kidogo. Mnajua LPO za uongo ni nyingi kiasi gani? Mtu anakuja na karatasi yenye nembo, muhuri na sahihi, na namba ya simu ya "meneja wa ununuzi". Ukipiga, anapokea binamu yake. Afisa aliyepitisha mkopo huo anabaki na barua ya kujieleza. Ndio maana tunarudi kwenye ardhi: ardhi haitoroki.

---

Afisa wa Zamani

Ndugu, hilo ni kweli tupu, na ndiyo sababu nasema benki ianze na mnunuzi. Ukiwa na makubaliano na kampuni tangu mwanzo, una jina na anwani ya mtu wa kukuthibitishia LPO, uliyempata mwenyewe, si aliyeandikwa kwenye karatasi ya mteja. Thibitisha mambo matatu: LPO ni yao, bado haijafutwa, na malipo yatapita kwako. Pili, lipa muuzaji wa malighafi moja kwa moja, usimpe mteja pesa taslimu. Mkopaji wa uongo akisikia hivyo hatarudi.

Kuna pia mpango wa serikali wa dhamana ya mikopo kwa biashara ndogo, ulioanza 2020, ambapo Hazina inabeba sehemu ya hasara mkopaji akishindwa. Maofisa wengi hawautaji mpaka mteja aulize. Uliza.

---

Kijana Likoni

Mnaongea vizuri lakini mmeruka mwanzo wenyewe. Kuipata hiyo LPO! Orodha ya wasambazaji imejaa majina yale yale. Na ukiipata, kuna mtu wa ununuzi anataka chake. Benki itafanya nini hapo?

---

Afisa wa Zamani

Mdogo wangu, hongo benki haiwezi kuiondoa, sitakudanganya. Lakini ina mambo mawili mkononi. Ankara ikishakubaliwa na kuingia kwenye mpango wa benki, karani hana tena nafasi ya kuikalia mpaka apewe chai, kwani tarehe ya malipo imeshaandikwa. La pili ni kujulishana. Benki moja ina akaunti ya kiwanda cha Changamwe na akaunti ya kijana wa Likoni mwenye mashine ya kuchapa katoni, na haijawahi kuwakutanisha. Meneja wa tawi anayeijua kazi yake angewaita wanunuzi watano chumba kimoja na wateja wake wadogo hamsini, kila mnunuzi aseme anachonunua, kiasi gani, na kwa masharti gani.

Halafu faili. Kampuni kubwa itataka usajili, PIN ya kodi, cheti cha kulipa kodi, leseni ya biashara ya kaunti, CR12 (karatasi ya kuonyesha wakurugenzi na wenye hisa) kama ni kampuni ya hisa, alama ya KEBS, shirika la viwango, kama bidhaa inaihitaji, na hesabu zilizokaguliwa. Vitu hivi huchukua miezi, na LPO haingoji. Benki ikimwandaa mteja mapema, tangazo la usajili wa wasambazaji likitoka anapeleka tu. Zabuni za serikali zina asilimia 30 ya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu chini ya mpango wa AGPO tangu 2013, lakini huko kulipwa ni hadithi nyingine.

---

Mayai Mtwapa

Nimesoma yote kimya, sasa niulize. Mimi ni wa mayai. Maduka makubwa ya Nakumatt yalipowekwa chini ya msimamizi Januari 2018, wasambazaji wangapi hapa Pwani walibaki na ankara mkononi? Mzee wangu alikuwa mmoja wao. Sasa kama benki ilinipa asilimia 70 ya ankara na mnunuzi akafilisika, nani analipa?

---

Afisa wa Zamani

Pole sana kwa mzee. Umeuliza swali ambalo kila mtu anapaswa kuuliza kabla ya kutia sahihi.

Kuna mikataba ya aina mbili. Kwa mmoja, mnunuzi asipolipa benki inakurudia wewe. Kwa mwingine, benki imeinunua ankara moja kwa moja na hasara ya kufilisika kwa mnunuzi ni yake. Mingi niliyoiona hapa ni ya kwanza, na imeandikwa kwa herufi ndogo ukurasa wa tano. Ule wa pili una gharama zaidi, lakini kwa msambazaji mwenye mnunuzi mmoja mkubwa ninaona unastahili. Na benki ikikataa kabisa kubeba hasara ya mnunuzi fulani, hiyo pekee ni habari. Inakwambia anavyoonekana kwao. Punguza mzigo unaompa kwa mkopo.

Usikubali mnunuzi mmoja awe zaidi ya nusu ya mauzo yako kama una njia. Najua wakati mwingine huna.

Na ujue una pa kushtaki. Sheria ya ushindani inakataza mnunuzi kutumia nguvu zake vibaya, kuchelewesha malipo bila sababu kukiwemo. Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani iliitoza kampuni inayoendesha Carrefour nchini faini ya zaidi ya shilingi bilioni 1 kwa walivyowatendea wasambazaji wawili, mmoja wao Pwani Oil ya huku kwetu. Pwani Oil ni kubwa, ina mawakili. Wa mayai ataogopa kupoteza soko. Wasambazaji wakipeleka malalamiko kupitia chama chao, jina la mtu mmoja halitangulii mbele.

---

Mwanahesabu Ganjoni

Naongeza la kodi kwa ule mfano wa sare, kwa sababu hapo wengi huanguka. Ukivuka mauzo ya milioni 5 kwa mwaka lazima usajiliwe VAT, na kuuzia kampuni kubwa kutakuvusha haraka. Kwa LPO ya 480,000, VAT ya asilimia 16 ni 76,800. Uliyolipa kwenye kitambaa cha 240,000 ni 38,400. Tofauti, 38,400, KRA wanaitaka kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata ankara, hoteli iwe imelipa au haijalipa! Na kama mnunuzi ni wakala wa KRA wa kukata VAT, atakata asilimia 2 ya thamani, 9,600, siku ya kukulipa. Utadai baadaye, lakini siku hiyo huna.

Benki zinapopima mkopo wa LPO huisahau kabisa hii 38,400. Mteja anaitoa kwenye pesa ya mafundi.

Na msijaribu kukwepa eTIMS. Tangu Januari 2024 mnunuzi asiye na ankara ya eTIMS hawezi kuiweka gharama hiyo kwenye hesabu zake za kodi, kwa hivyo ya kitabu cha karatasi hataipokea.

---

Binti Kongowea

Hiyo ya tarehe 20 imenifumbua macho. Mboga mbichi zenyewe hazina VAT, ila nataka kuanza juisi za chupa kwa hoteli. Nitakutafuta ndugu Mwanahesabu.

---

Fundi wa Majengo

Mfano wa Afisa ni mimi kabisa, isipokuwa vyerehani vyangu ni vinne. Nina LPO mezani sasa hivi, shule binafsi, sare za muhula ujao. Bursa (mhasibu wa shule) ni mtu muungwana, anasema benki ikitaka barua ataandika, lakini hajui aandike nini, na mimi pia sijui. Ukinisaidia maneno nitashukuru, nampelekea kesho asubuhi.

---

Afisa wa Zamani

Fundi, hongera. Iandikwe kwenye karatasi ya shule yenye nembo, kwa meneja wa tawi lako, itiwe sahihi na watu wawili walioidhinishwa kwenye akaunti ya shule. Nakala moja ubaki nayo. Maneno haya yanatosha:

"Tunathibitisha kwamba tumempa mteja wenu, mwenye karakana ya ushonaji Majengo, LPO namba hii ya tarehe hii, yenye thamani ya shilingi kadha. Mzigo ukipokelewa na kukubaliwa, tutalipa ndani ya siku 30 tangu tarehe ya kupokea, kwa akaunti yake namba hii iliyo kwenu peke yake. Hatutabadilisha akaunti hiyo wala kufuta LPO hii bila kuwajulisha ninyi kwanza kwa maandishi."

Akisema 30 ni chache, muwekee 45, lakini siku zitajwe. Barua isiyo na siku benki itaiweka kwenye faili na kukuuliza hati ya ardhi.